Gari Lililoacha Kulia

Mkuu wa kituo alitaka jalada lifungwe kabla ya chakula cha mchana, na kichwani mwake lilikuwa limekwisha fungwa. Ambulensi ya hospitali imeacha njia mteremkoni ikaingia bondeni. Mkunga aliyekaa kiti cha mbele amekufa. Dereva ametoka na mkono uliovunjika, na chini ya kiti chake imeokotwa chupa ya pombe kali. Mkuu aliyataja hayo huku akikunja kidole kimoja kimoja, na vidole vilivyobaki hakuvihitaji.

"Mlevi ameua mtu," alisema. "Unatafuta nini tena, Spana?"

Spana lilikuwa jina la kejeli. Kabla ya kuhamishiwa upelelezi, Inspekta huyu alifanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya magari ya polisi, mwanamke peke yake kati ya wanaume waliokuwa wakisubiri achoke. Hakuchoka. Walipoona hachoki wakambandika jina, na alipopanda cheo jina likapanda naye.

"Natafuta kwa nini gari halikusimama, afande."

"Kwa sababu aliyelishika hakuweza kusimama mwenyewe." Mkuu alicheka peke yake. "Haya, una mpaka jioni. Kesho anakwenda mahakamani, na yule mama ataacha kunikalia mlangoni."

Yule mama alikuwa mama mzazi wa mkunga. Alikuwa kwenye benchi la mapokezi, mkoba mapajani, wala hakuonekana mtu wa kuondoka. Spana alipompita, mama alimshika mkono.

"Mwanangu, ni kweli alikuwa amelewa?"

"Sijui bado, mama."

"Nakuomba ujue. Chuki ninayo tayari, imenijaa mpaka hapa. Sasa nataka kujua nimchukie nani."

Spana aliutoa mkono wake taratibu, akaenda uani.

Ambulensi ilikuwa imeegemezwa ukutani nyuma ya kituo, ubavu umebonyea na kioo cha mbele hakipo. Ilikuwa gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, refu, la aina inayopendwa na hospitali kwa sababu halichagui njia. Koplo alikuwa ameshaweka jeki na kutandaza turubai. Pembeni kulikuwa na chupa, ndani ya mfuko wa vielelezo.

Spana aliitoa chupa, akafungua kifuniko, akanusa. Kisha akampa Koplo.

"Haina harufu," Koplo alisema.

"Onja."

"Afande, mimi nimeokoka."

"Ndiyo maana nimekuchagua. Onja."

Koplo aligusisha ncha ya ulimi kwa uso wa mtu anayeaga dunia, kisha akaangalia chupa kwa mshangao. Maji. Maji yenye kutu, ya kuongezea kwenye rejeta gari linapochemka. Kituo kizima kilikuwa kimesoma lebo ya ile chupa, kuanzia mlinzi wa zamu hadi Mkuu mwenyewe, na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kufungua kifuniko. Spana alikasirika, lakini alikuwa amezoea kukasirika bila kupandisha sauti.

"Chupa imekwisha," alisema. "Ingia chini."

Koplo alijiburuta chini ya gari na tochi. Hakukaa sana akaita, na sauti yake ilikuwa na furaha. Mpira unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu la mbele la kushoto ulikuwa umekatika vipande viwili.

"Huu umekatwa, afande. Mtu kaukata. Hii sasa ni kesi ya mauaji."

"Pitisha kidole ndani ya rimu."

"Nimepitisha."

"Kimetoka na nini?"

"Vumbi."

"Kavu au bichi?"

"Kavu."

"Mpira ungekatwa kabla ya safari, kila akikanyaga breki mafuta yangeruka, gurudumu lingeyasambaza, na hilo vumbi lingekuwa tope. Kule bondeni uliona mafuta wapi?"

"Kwenye majani. Palepale lilipolalia."

"Basi mpira ulikatika kwa kuanguka. Mteremko wote mafuta yalikuwemo."

"Sasa kama yalikuwemo, kwa nini halikusimama?"

"Hilo ndilo swali. Toka huko, fungua tairi."

Tairi lilipotoka, Spana alipiga magoti mwenyewe. Diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, ilikuwa imechimbika mifereji, na rangi yake imegeuka buluu. Alifungua boliti za kalipa, kile kibano cha breki, akaisogeza, akachomoa pedi mbili zinazoibana diski kutoka pande zote. Ya nje ilikuwa imebakiza kautando kembamba. Ya ndani, ile ambayo huioni mpaka ufungue kila kitu, haikuwa na kitu tena. Ilikuwa kipande cha chuma kitupu.

"Tazama. Chuma kimesugua chuma mteremko mzima. Moto umepanda mpaka mafuta ya breki yamechemka. Yakichemka yanakuwa mvuke, na mvuke hausukumi kitu. Unakanyaga, mguu unazama mpaka sakafuni. Unakanyaga tena, hola."

"Kwa hiyo ni uchakavu tu. Bahati mbaya."

"Pedi zikikaribia kuisha, gari linalia. Hujawahi kusikia? Ile kelele ya kukata masikio kila ukikanyaga breki."

"Nimesikia. Huwa nadhani ni vumbi."

"Mara nyingine ni vumbi. Mara nyingine ni hiki." Alichukua pedi nzima kutoka gari bovu la polisi lililokuwa jirani, akamwonyesha kijichuma chembamba kilichochomoza pembeni, kimepinda kama ukucha. "Hiki kimewekwa makusudi na kiwanda. Pedi ikiisha, kinagusa diski, kinapiga kelele. Kazi yake ni kukusumbua mpaka uende gereji. Sasa kitafute kwenye hii."

Koplo aliigeuza pedi ya ambulensi mara mbili. Mahali pa kile kijichuma palikuwa na kisiki kifupi, na kichwa cha kisiki kilikuwa bado king'avu. Pedi nzima ilikuwa na kutu, isipokuwa pale.

"Kimekatwa," Koplo alisema, safari hii bila furaha.

"Kwa msumeno. Na si zamani." Spana alipitisha ukucha mgongoni mwa pedi, ukatoka na grisi laini. Chini ya grisi kulikuwa na kutu. "Grisi mgongoni mwa pedi hupunguza kelele, hilo si kosa, kila fundi anafanya. Lakini huwezi kuipaka grisi hapa, wala kukata kile kichuma, bila kuitoa pedi na kuishika mkononi. Yupo mtu aliyefungua gurudumu hili akiwa na macho yote mawili. Akaiona pedi imekwisha. Akaiziba mdomo, akairudisha."

Aliziweka pedi mbili ndani ya mfuko wa vielelezo, akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akaenda mahabusu.

Dereva alikuwa kijana, mkono umefungwa plasta, shati lile lile la siku ya ajali. Pembeni yake kulikuwa na bakuli tupu lenye mfuniko. Kaka yake alikuwa akimletea chakula kila siku, kwa sababu mahabusu ya kituo kile ililisha watu pale tu ilipokumbuka.

"Gari lilikuwa linalia?" Spana aliuliza.

"Lilikuwa linalia sana, afande. Nikiingia getini watoto wodini wanaamka. Nikaripoti kwa kaka. Kaka ndiye fundi mkuu wa hospitali."

"Akafanya nini?"

"Akalitengeneza. Nililiacha kwake asubuhi, mchana akanipa funguo. Aliniambia, limepona hilo, kaendeshe." Alitabasamu kidogo alipokumbuka. "Nikalijaribu, kimya. Hata sauti ya jani. Nikafurahi."

"Uliangalia pedi?"

"Kaka kaangalia, mimi niangalie nini? Yeye ndiye aliyenifundisha gari tangu sijafika pedeli."

"Siku ile mteremkoni hukusikia kitu? Kusaga?"

"King'ora kilikuwa kinalia, afande. Tulikuwa tunamfuata mama mjamzito, anatoka damu. Mkunga ananihimiza. Nikakanyaga, ikashika kidogo. Nikakanyaga tena, mguu ukazama." Aliushika mkono wa plasta. "Mkunga alinitazama. Hakupiga kelele, alinitazama tu. Yule mama mjamzito, alipona?"

"Alijifungua nyumbani kwake. Wote wazima."

Dereva aliinamisha kichwa. Safari nzima, kumbe, haikuhitajika.

Getini hospitalini, Koplo ilibidi apige honi mara tatu. Mlinzi alitoka kibandani akikokota viatu, akaomba radhi.

"Zamani mgeni asingesubiri hapa," alisema. "Nilikuwa nasikia magari yetu yakipunguza mwendo kule kwenye kona. Gari la wagonjwa linalia nyembamba, la Katibu linalia nene. Najua nani anakuja, nafungua kabla hajafika. Sasa mpaka nipigiwe honi, na Katibu anasema nasinzia kazini."

Spana aliteremsha kioo mpaka chini. "Gari la Katibu nalo lilikuwa linalia?"

"Yalikuwa yanajibizana, mama. Yakanyamaza siku moja."

"Siku moja? Una hakika?"

"Siku hiyo ndiyo nilitukanwa mara mbili, mara moja na kila gari. Nitasahau vipi?"

Gari la Katibu wa hospitali lilikuwa kivulini mbele ya ofisi, limeoshwa. Aina ile ile, urefu ule ule, halina tofauti na ambulensi ila machela na msalaba ubavuni. Spana alichuchumaa kwenye gurudumu la mbele, akawasha tochi ya simu, akachungulia katikati ya matundu ya rimu. Pedi zilikuwa nene. Rangi ya kiwandani ilikuwa bado haijababuka, na kijichuma kile kilikuwa mahali pake, kizima.

"Inspekta, umeangusha kitu?"

Katibu alikuwa amesimama ngazini, amevaa vizuri, ana sauti ya mtu anayependwa na wageni.

"Naangalia pedi zako. Mpya hizi."

"Mimi mambo ya gari siyajui. Nampa fundi, fundi ananirudishia."

"Hospitali ilinunua seti ngapi za mbele?"

"Moja. Ya ambulensi. Niliipitisha mwenyewe, hali ya fedha si unaijua."

"Moja tu."

"Moja tu," Katibu alisema, na hapo akatambua alichokisema. Alishuka ngazi moja. Alikuwa mwepesi wa akili, hilo halina ubishi. "Ina maana fundi amekosea gari? Magari yenyewe yanafanana. Masikini, yule mzee kazi zimemzidi."

"Hukumwagiza azifunge kwako?"

"Nimwagize ainyang'anye ambulensi breki? Inspekta, mimi nina wazazi wanaojifungua humu." Sauti yake ilikuwa ya huzuni, na labda huzuni yenyewe ilikuwa ya kweli. Watu wa aina yake huhuzunika kwa urahisi.

Karakana ilikuwa nyuma ya jengo la kufulia. Ilikuwa safi kuliko wodi. Ukutani zilitundikwa spana kwa ukubwa, kila moja imechorewa kivuli chake kwa rangi nyeupe ili ikikosekana ionekane. Fundi alikuwa akisafisha pampu kwenye karai, mtu mzima mwenye mvi, ovaroli imepigwa pasi. Alimpa Spana kigoda chake, yeye akabaki amesimama.

"Pole na kazi," Spana alisema. "Nieleze breki za ambulensi."

"Nilishaeleza siku ya kwanza. Niliweka pedi mpya. Tatizo la mdogo wangu analalia breki. Anaendesha mguu uko juu ya pedeli njia nzima. Nimemsema mpaka nimechoka. Pedi zinaisha hata hazijazoea gari."

"Kwa hiyo amezimaliza yeye."

"Nasema ninachokijua. Ndugu ni ndugu, lakini kazi ni kazi."

"Kila siku unampelekea chakula, na hili unalisema."

"Chakula ni haki yake."

Spana alitoa pedi kwenye mfuko, akaiweka juu ya meza ya kazi, upande wa mgongo juu. Fundi hakuitazama. Mtu anayelijua gari huitazama pedi iliyowekwa mbele yake, hawezi kujizuia, mkono unakwenda wenyewe. Huyu aliendelea kusugua pampu iliyokwisha takata.

"Ishike," Spana alisema.

"Ya nini?"

"Ishike, uniambie kama ni mpya."

Aliishika. Kidole gumba chake kilikwenda moja kwa moja kwenye kile kisiki kilichokatwa, bila kukitafuta.

"Chini ya grisi pana kutu," Spana alisema. "Pedi mpya inatoka kwenye boksi na rangi. Hii ni ile ile ya zamani. Ile mpya nimeiona sasa hivi kivulini, mbele ya ofisi ya Katibu."

Fundi alivuta boksi la vipuri, akalikalia. Koplo alijisogeza mlangoni, si kwa sababu mzee angekimbia, ila ndivyo alivyofundishwa.

"Nilikata mimi," Fundi alisema.

"Kwa nini?"

"Katibu alikuja hapa. Boksi lilikuwa pale, juu ya meza. Akasema, hizo funga kwangu, nina safari ndefu, ya wagonjwa inazunguka hapa hapa. Nikamwambia, mzee, ya wagonjwa imekwisha, sikiliza inavyolia. Akasema, basi iondolee kelele, kuna wageni wanakuja, sitaki wasikie chuma kinalia hospitalini. Nyingine nitanunua mwezi ujao."

"Nani mwingine alisikia?"

Fundi aliinua kidevu kuelekea ukutani, kwenye spana zilizopangwa. "Hao."

"Na mdogo wako hukumwambia."

"Ningemwambia, asingeendesha. Namjua. Akikataa kuendesha anaachishwa siku hiyo hiyo, na kazi yenyewe mimi ndiye niliyemlilia Katibu ampe. Nilimwambia aende polepole."

"Anakwenda kumchukua mzazi anayetoka damu, king'ora kinalia, na wewe ulimwambia aende polepole."

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole. "Nilifunga gari za watu miaka yote, sijawahi kurudisha kitu kibovu. Hicho kimoja tu. Nilisema mwezi mmoja, litafika."

"Halafu siku ya kwanza ukasema analalia breki."

"Nilidhani watamtoza faini, wamwachie. Sikujua mambo ya chupa. Likishatoka mdomoni, unalirudishaje?"

Spana alikuwa na mengi ya kumwambia na yote yalikuwa makali. Badala yake alimwambia avue ovaroli, avae nguo zake za kawaida. Fundi aliomba kitu kimoja, wapitie nyumbani kwake, kwa sababu chakula cha mdogo wake kilikuwa tayari.

Mkuu wa kituo alisikiliza habari yote bila kumkatiza, na hiyo haikuwa dalili nzuri.

"Umefanya kazi," alisema. "Chupa imeniaibisha, nakubali. Dereva atatoka. Ila Katibu amenipigia simu. Muungwana sana. Atakuwa shahidi wetu."

"Shahidi wa nini?"

"Kwamba alinunua pedi, na fundi akazifunga gari lisilo lake."

"Fundi anasema aliagizwa. Na mlinzi wa geti anasema magari yote mawili yalinyamaza siku moja."

"Yalinyamaza, sawa. Mlinzi alisikia nani akiagiza?" Mkuu aliegemea nyuma. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililouma. "Huyo fundi wako siku ya kwanza alisema mdogo wake analalia breki. Leo anasema Katibu alimtuma. Wakili atamuuliza, mzee, unasingizia wangapi kwa wiki? Aliyemsingizia nduguye wa damu, nani atamwamini akimtaja bosi wake?"

Spana alimtazama. Ule uongo wa kwanza ulikuwa umeshamuokoa mtu, ila si yule aliyekusudiwa.

"Niletee maelezo ya dereva," Mkuu aliendelea. "Aseme wazi aliambiwa gari limepona. Bila hayo watasema alijua pedi zimekwisha akaendesha, na yeye na kaka yake wote wawili wataingia ndani."

Kwenye benchi, mama yake mkunga alisimama alipomwona.

"Hakuwa amelewa, mama. Breki zilikuwa zimekwisha. Fundi alizikata sauti badala ya kuzibadilisha."

"Kwa nini afanye hivyo?"

"Anasema alitumwa."

"Na huyo aliyemtuma, mmemleta?"

"Atakuja kutoa ushahidi," Spana alisema, na maneno yalimtoka machungu hivyo hivyo.

Mama aliketi tena, akaweka mkoba mapajani. "Basi mimi sitoki hapa."

Dereva alisikiliza yote akiwa amesimama, mkono wa plasta kifuani. Pedi, msumeno, grisi, gari la Katibu. Spana alimweleza kama fundi anavyomweleza fundi, bila kupamba. Alipomaliza, kijana aliuliza jambo moja.

"Nikitoka mimi, anaingia yeye?"

"Ndiyo."

"Basi andika nilijua."

"Hukujua."

"Andika nilijua, afande. Nilisikia zikisaga, nikapuuza. Kaka ameniosha uso mimi, amenisomesha kwa mikono ile. Ana mvi. Ataweza jela?"

"Ukisema hivyo hutamtoa. Mtafungwa wote."

"Basi tufungwe wote."

Spana alikuwa na kitu kimoja kilichobaki, na hakutaka kukitumia. Alizungusha kalamu mezani. Alifikiri juu ya mama aliye kwenye benchi, juu ya mkunga aliyetazama bila kupiga kelele, na juu ya mtu aliyevaa vizuri anayesubiri ndugu hawa wawili wachanganye maneno ili yeye apite katikati. Kisha akasema.

"Siku ya kwanza, kabla hatujafungua tairi, kaka yako aliandikisha maelezo. Alisema aliweka pedi mpya. Alisema wewe ndiye uliyezimaliza, kwamba unaendesha mguu juu ya breki njia nzima. Leo ameyarudia mbele yangu maneno hayo hayo, mpaka nilipomwekea pedi mkononi."

Kijana alitazama lile bakuli tupu lililokuwa sakafuni, akalitazama kwa muda, kana kwamba anajaribu kukumbuka siku ipi alikula nini na nani akiwa ameketi mbele yake.

"Mimi silalii breki," alisema mwishowe.

"Najua. Ungekuwa unalalia, na pedi za nyuma zingeisha, nazo ni nzima."

"Yeye ndiye aliyenikanya nikiwa mdogo. Alinipiga kofi la mguu, akasema, mguu ukae sakafuni." Alivuta pumzi. "Andika, afande. Aliniambia limepona hilo, kaendeshe. Andika hivyo hivyo, maneno yake."

Spana aliandika. Kijana alisaini kwa mkono wa kushoto, herufi zikapinda.

Koplo alichungulia mlangoni. Nyuma yake alisimama Fundi, ameshavuliwa mkanda na kamba za viatu, ameshika bakuli jipya lililofungwa kitambaa. Koplo alinong'ona.

"Afande, Mkuu ameshaondoka. Kumtoa huyu mpaka asaini yeye, kesho. Na chumba cha wanaume ni kimoja. Nifanyeje?"

Spana aliwatazama wote wawili. Alichoka, na hakuona aibu kuonekana amechoka.

"Mwingize."

Lango lilifunguliwa, likafungwa. Fundi alisimama katikati, hajui akae wapi. Aliweka bakuli chini karibu na mguu wa mdogo wake. Dereva hakuligusa. Chumba kilikuwa kidogo na mkeka ulikuwa mmoja. Baada ya kitambo, bila kuinua macho, dereva alijisogeza mpaka ukutani, akamwachia kaka yake nafasi ya kukaa.